Majani Aliyoyataka Mwenyekiti

Kwetu shamba hutazamwa juu. Mgeni akiingia kwenye kibanja, kabla hajapewa pa kukaa, macho yake yameshapanda kwenye migomba. Majani yakiwa mapana na mabichi, mwenye nyumba ni mtu wa kusikilizwa. Yakiwa yamekauka na kuning'inia, salamu inakuwa fupi na kahawa ya kutafuna haitolewi. Nilikua nikipimwa hivyo. Nilipoanza kazi ya kununua ndizi na maharage vijijini na kuyauza sokoni Omurushaka, nikawa nawapima wengine hivyohivyo: nilishajua bei kabla sijashuka kwenye baiskeli, kisha naingia ndani kulalamika kwamba mikungu ni midogo.

Mama yangu alikuwa na shamba ambalo ukilitazama juu huoni kitu.

Baba alipofariki, kibanja chake chenye migomba na mibuni kilirudi kwa ndugu zake. Kilirudi kwa heshima zote na kwa maneno laini, nyasi za kukalia waombolezaji zikiwa bado hazijafagiliwa. Mama akaachiwa kipande cha pembeni, pale vibanja vinapokwisha na rweya inapoanza. Rweya ndiyo ile mbuga ya wazi wanakochungia ng'ombe. Kilikuwa na udongo mwekundu wenye kokoto, na kilishuka hadi karibu na bonde lenye maji. Wakamwambia, "Wewe ni mtu wa muhogo, pale patakutosha."

Walikuwa wanamtukana, lakini walikuwa pia wanasema kweli. Watu wa mama walivuka kutoka Burundi kuja kuchuma kahawa za wengine, na muhogo walikuja nao vichwani mwao kama ujuzi mwingine wowote. Upande wetu wa njia ya Isingiro, muhogo ulikuwa chakula cha kujificha. Mtu akiulizwa amekula nini, hutaja ndizi hata kama harufu ya nyumba inasema kingine. Mama hakujificha. Alikula muhogo, akala na majani yake, kisamvu, jambo ambalo wanawake wa kisimani waliliona kichekesho kisichochosha. "Mama Majani, mbuzi wako wamekuachia kidogo leo?" Naye anajibu, "Wameniachia, na wamesema nyinyi mjaribu magome." Wanacheka wote, kisha kila mmoja anabeba ndoo yake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Vuli ilinyesha kwa kubania. Masika ikaja na mawingu matupu. Halafu kiangazi kikaingia kwa adabu kama mgeni, wakati kilikuwa ndani ya nyumba tangu zamani. Mahindi yalikufa yakiwa na ndevu. Maharage yalikaukia kwenye maua. Migomba ilijikunja majani katikati kama mtu anayefunga koti, baadaye ikaanza kuvunjika kiunoni, mikungu ikaiva njano kabla haijajaa. Mimi, mnunuzi, nilikuwa napita na baiskeli na magunia matupu, nahesabu mikungu mara mbili nikidhani nimeruka mmoja.

Shamba la mama nalo lilipukutika. Majani ya chini yalianza, yakafuata ya kati, mwishoni kikabaki kishungi kidogo kwenye ncha ya kila shina, na kwenye mashina mengine hata hicho hakikubaki. Ukisimama barabarani ungeona vijiti vya kijivu vimechomekwa ardhini kwa mistari, kama mtu aliyeanza uzio akaghairi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Omurushaka, nyuma ya duka. Nyumbani alikuwepo mama na dada yangu, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mume na watoto wawili na ulimi mkali kuliko alioondoka nao. Walikuwa na ule muhogo tu. Sikuwa na wasiwasi sana. Nilikuwa nimeona mama aking'oa shina moja mwezi wa sita: mizizi minene, myeupe ukiikata, inayoacha unga kwenye kisu. Nilikadiria kwamba wangekula mpaka maharage ya vuli yatoke, na makopa, vile vipande vya muhogo mkavu, yangebaki ya akiba. Nilikadiria tena, nikapata vilevile.

Kisha dada akatuma neno na dereva wa lori la kahawa: njoo, kamati inakuja kumpokonya mama shamba.

Walifika asubuhi. Mwenyekiti wa kijiji alitangulia na fimbo yake, balozi wa nyumba kumi nyuma yake, wajumbe wawili ambao siwakumbuki sauti, na bwana shamba, kijana kutoka mkoa mwingine, akisukuma baiskeli kwa sababu tairi lilikuwa limepata mwiba.

"Shikamoo mzee," nikamwambia mwenyekiti.

"Marahaba. Wewe si uko Omurushaka unawapunja watu?"

"Nimekuja kupumzika, mzee. Huko nako wananipunja."

Akacheka kidogo, akamgeukia mama. Alimwita shemeji, maana alikuwa amekua na baba. "Shemeji, hapa pamekuwa pori."

"Hapa ni shamba, waitu," mama akamjibu. Hilo ni neno letu la heshima, na alilitamka polepole ili heshima ionekane. "Limevua nguo kwa sababu ya joto."

"Hizi fito?" Balozi alikamata shina moja akalitikisa. "Hizi za kujengea banda la mbuzi."

"Ukijengea banda, balozi, litakuotea ndani."

Mwenyekiti alisema ardhi ya kijiji haiwezi kulala wakati kuna wanaoihitaji. Mfugaji mmoja wa upande wa rweya alikuwa ameleta ombi. Ng'ombe wake hawana maji, na kipande hiki kinashuka hadi bondeni. Mfugaji mwenyewe hakuwepo. Nikauliza kwa nini hakuja. Nikajibiwa kwamba anawakilishwa na kamati.

Mama hakubishana. Alichukua jembe, akachagua shina, akachimba. Ardhi ilikuwa ngumu hivi kwamba jembe lilitoa mlio kama la mtu anayechimba sufuria. Alipoling'oa, mizizi ilitoka imevimba, akauvunja mmoja mbele yao: pwaa, nyeupe kabisa. Dada alisimama mlangoni na mtoto mgongoni akasema kwa sauti ya kusikika, "Pori gani lenye ugali?"

"Shina moja," mwenyekiti akasema. "Na umelichagua wewe."

"Chagua wewe, mzee," nikasema.

Akatembea mpaka pembezoni kabisa, kwenye kokoto, akaonyesha kijiti kilichokuwa chembamba kuliko fimbo yake. Mizizi yake ilikuwa kama vidole. Nikasema tuchague la tatu, bei haikatwi kwa sampuli mbili. Akaniambia hapa si sokoni. Akamwita bwana shamba: "Wewe ndiye umesomea. Mmea huu umekufa au haujafa?"

Kijana yule alifurahi kuulizwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule mtu kumuuliza jambo ambalo si mbolea iko wapi.

"Haujafa, mzee. Udongo ukianza kukauka, mizizi ndiyo inayojua kwanza. Inatengeneza kitu tunakiita homoni. Chukulia ni ujumbe. Unapanda na yale maji machache mpaka kwenye majani. Jani lina vitundu vidogo sana vya kupumulia, na ujumbe ukifika vinafungwa, maji yasipotee. Ukame ukizidi, shina linaacha kurefuka, na majani yanaambiwa yaondoke. Ya chini kwanza."

"Yanaambiwa na nani?" balozi akauliza.

"Na mmea wenyewe."

"Unafukuza majani yake?"

"Unayafukuza ili ubaki."

"Basi muhogo una serikali yake," balozi akasema, na wajumbe wakacheka, mwenyekiti hakucheka.

"Na huo unga?" mwenyekiti akauliza.

"Majani yalipokuwepo yalitengeneza sukari. Ikashuka, ikageuzwa wanga, ikawekwa chini. Sasa mmea unaila kidogokidogo ili vichipukizi vya juu visife. Sukari kidogo ikiwa ndani ya kichipukizi hushika maji yasitoke. Ndiyo maana ukikwaruza hapa," akakwaruza shina kwa ukucha, "unaona kijani."

Kweli kulikuwa na kijani, utepe mwembamba chini ya gome. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, lakini nilimwona akitabasamu.

"Mvua ikinyesha?" mwenyekiti akauliza.

"Kuna homoni nyingine inaviamsha vichipukizi. Majani yanatoka upya."

"Yanatoka?"

"Yanatoka, mzee, ila..."

"Basi." Mwenyekiti aliinua fimbo. "Kamati imesikia mtaalamu. Tutasubiri mvua. Majani yakitoka, shamba ni la shemeji, hakuna wa kumgusa. Yasipotoka, ni pori. Na shina litakalong'olewa kabla ya hapo, mahali pake tutapahesabu pori. Tusije tukakuta uwanja, tukaambiwa palikuwa na muhogo."

Balozi akapita kwenye mistari akihesabu mashina. Nikapita nyuma yake. Tulitofautiana. Nikahesabu tena, bado tulitofautiana, na hesabu yake, iliyokuwa pungufu, ndiyo iliyochukuliwa.

Nilimsindikiza bwana shamba hadi njia kuu, nikimshikia baiskeli.

"Ulisema 'ila'," nikamwambia. "Ila nini?"

Alisimama. "Ila majani mapya yanajengwa na nini? Jua hayawezi kulitumia kabla hayajawa majani. Yanajengwa na ule wanga. Unageuzwa tena kuwa sukari, unapanda juu. Mzizi unabaki na maji na nyuzi. Utajaa tena, lakini baada ya miezi."

"Kwa hiyo kabla ya mvua shamba lina chakula, halina majani."

"Ndiyo."

"Mvua ikinyesha lina majani, halina chakula."

"Kwa muda, ndiyo."

"Na mwenyekiti anataka majani."

Akaitazama cheni ya baiskeli kama imemkosea. "Mimi niliulizwa kama umekufa," akasema.

Sikumchukia. Alisema kweli tupu mbele ya watu waliokuja kutafuta kamba, naye akawapa kamba bila kujua ina urefu gani.

Nilivyomwelewa, kwa lugha ya kazi yangu, muhogo ni mfanyabiashara mwenye akili. Biashara ikiwa mbaya anafunga milango, anaachisha vibarua, anakaa na mtaji ndani, anakula kwa kijiko. Biashara ikirudi anautoa mtaji wote mara moja, anafungua duka upya, na kwa miezi michache dukani kunapendeza lakini sandukuni hamna kitu. Mahindi hayajui hivyo. Mahindi yanaendelea kufungua duka mpaka yanaanguka kwenye kaunta. Tatizo letu lilikuwa kwamba mtaji ule ulikuwa pia chakula cha watoto wa dada.

Nilikwenda kwa mwenyekiti peke yangu. Nilimkuta kibarazani anatafuna kahawa. Hakunipa. Nikaomba tung'oe robo tatu ya shamba, tubakize robo ya ushahidi. Nilitaka nusu, nilianza na robo tatu ili nishushwe.

"Umeanza na robo tatu ili ufike nusu," akasema. "Mimi naanza na hakuna, nifike hakuna."

"Mzee, kuna watoto."

"Kila nyumba ina watoto."

"Muhogo ukisubiri mvua unaharibika. Bwana shamba mwenyewe anasema."

"Bwana shamba alisema majani yatatoka. Mimi na watu wote pale tulimsikia. Wewe unataka aseme mara ngapi?"

Nilikaa pale mpaka kivuli cha kibaraza kikahama. Nilisifu kahawa yake, nikamkumbusha baba, nikajidai ninaondoka mara mbili. Hakuniita hata mara moja, na kwa mtu wa kazi yangu hakuna kipimo kibaya kuliko hicho. Mwisho nilipata mistari miwili iliyo karibu na nyumba, akiiita ya mboga. Nilirudi nyumbani nikijua nimeuziwa hewa, tena kwa bei ya juu.

Nikampa mama shauri langu. Tung'oe lote. Tukaushe makopa, tuwaachie kipande chao chenye kokoto, yeye na dada na watoto waje Omurushaka.

"Niketi wapi Omurushaka?" akauliza. "Kwenye gunia lako?"

"Tutapanga chumba kingine."

"Chakula kinaisha, mwanangu, hata kikiwa kingi namna gani. Nikishiba mpaka mwezi wa kumi halafu nikawa sina pa kuchomeka kijiti, nitakuwa nimeshiba nini? Nilishaondolewa kwenye kibanja nikiwa na matanga. Sitaondoka tena nikiwa na akili zangu." Kisha akamwangalia dada. "Unasemaje?"

"Mimi nilishaondoka kwangu," dada akasema. "Sina mazoea ya kuondoka mara mbili."

Basi ikawa hivyo. Mistari miwili ya mboga iliisha upesi. Baada ya hapo mama alianza kuuibia muhogo wake mwenyewe. Alichimba kwa kijiti kilichochongwa, upande mmoja wa shina, akakata mzizi mmoja na kuliacha shina limesimama, akarudisha udongo, akatandaza majani makavu juu. Hata hilo lilikuwa na mpaka wake, na mama alilijua kabla bwana shamba hajapita tena kutuambia: shina ulilolipunguzia sana chini halina sukari ya kuamkia. Ukilikamua, mvua itakuja na halitainuka, na kijiti kisichoinuka ni pori. Kwa hiyo kila jioni palikuwa na mjadala wa mama na mistari yake. Hili lichukuliwe, hili liachwe, hili lilishatoa. Mimi niliyezoea kupunguza bei za watu, sijawahi kuona mtu akipunguza kwa uangalifu kama ule.

Kukausha nako kulikuwa kazi. Makopa huanikwa juani, juu ya mwamba, na makopa ni meupe, yanaonekana kutoka kijiji kizima. Mama aliyatandaza darini, juu ya moshi wa jiko. Yalitoka ya kahawia, ugali wake una ladha ya nyumba iliyoungua. Watoto waliacha kuuliza kuna nini. Waliuliza kama kuna. Mimi nilileta maharage nilipoyapata, na mwaka ule hata mimi nilikuwa nayanunua kwa kusihi. Dada alikonda shingo. Mama alikonda mwili mzima, akawa anafunga kanga mara mbili kiunoni, na wanawake wa kisimani waliacha kumtania. Hilo lilinitisha kuliko kukonda.

Na kila baada ya siku kadhaa balozi alikatiza shambani, mikono nyuma, midomo ikihesabu.

Mvua ilikuja mwezi wa tisa, jioni, kwa fujo, ikang'oa nyasi za paa la jiko. Nilikuwepo. Mama alitoka nje akasimama katikati ya vijiti vyake bila kujifunika, na sikuweza kujua kama anashangilia au anaaga.

Vichipukizi vilitokeza upesi mno, vyekundu kwenye ncha, kama vidole vya mtoto mchanga. Halafu vikafunguka. Kila niliporudi kutoka Omurushaka shamba lilikuwa limepanda rangi. Mashina ambayo mama hakuyagusa yalitoa majani mapana. Yale aliyoyaibia mzizi mmoja yalitoa majani madogo, yakichelewa. Machache, ambayo njaa ilimfanya ayarudie, hayakutoa kitu. Lakini ukisimama barabarani hukuona hayo. Uliona kijani. Hata mzee wa kibanja cha jirani alipita akasema, "Ee, Mama Majani, umependeza."

Siku hiyo mama aling'oa shina zuri kuliko yote. Udongo ulikuwa laini, lilitoka kwa mkono mmoja. Mizizi ilikuwa na unene uleule. Aliukata mmoja: haukutoa unga. Ulikuwa na rangi ya nta, unapitisha mwanga, maji yakachirizika kwenye kisu. Akaupika hata hivyo. Ukachemka, kuni zikaisha, ukachemka tena kwa kuni za jirani, haukulainika. Watoto waliutafuna wakatema nyuzi.

"Mama," dada akasema, "umetupikia mvua."

Hakuna aliyecheka. Tukala majani.

Tukala majani mwezi mzima, tukingoja kamati. Mama alifagia uwanja kila asubuhi. Alichuma kisamvu cha ndani tu, kile cha barabarani alikataza kisiguswe, kije kionwe. Maharage yaliyopandwa na mvua yalikuwa bado vitumba. Kamati haikuja. Balozi naye aliacha kukatiza. Nilimuuliza njiani, akasema siku hizi analima.

Ndipo nikakutana na mfugaji. Ilikuwa gulioni Omurushaka. Mzee mrefu, amevaa koti juu ya shuka, anauza samli. Nilimtambua kwa kuelezwa na watu. Nikamwamkia, tukapatana bei ya kibuyu kimoja, akanishinda, nikamlipa. Kisha nikamuuliza kama bado anataka lile shamba la mjane lenye muhogo.

"Shamba?" akasema. "Mimi na jembe wapi na wapi, mwanangu? Niliomba njia. Njia ya ng'ombe kushukia majini, upana wa ng'ombe wawili, kiangazi tu. Nilimwambia mwenyekiti nitamlipa mama huyo maziwa. Akasema ataliangalia. Mvua ikanyesha, nyasi zikaota kila mahali, nikamwambia aache tu."

"Ulimwambia lini?"

"Mvua ya kwanza ilipokatika. Kwani mama hakuambiwa?"

Nilisimama na kibuyu cha samli mkononi. Njia ya upana wa ng'ombe wawili ingechukua mistari mitatu, minne ukiwa mkarimu. Tungepata maziwa ya watoto kiangazi kizima na muhogo wote uliobaki. Biashara ile ningeimaliza kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimebishana, nikasihi, nikahesabu mashina, na mwenye haja hakuwahi kuwa mezani. Kwa nini mwenyekiti aliifanya njia iwe shamba, sikujua. Labda alikuwa na mtu wake. Labda alitaka tu shemeji yake ajue nani anagawa.

Nikamweleza mama yote. Alikuwa anachambua kisamvu. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, kisha akaenda shambani, akakata tawi refu kuliko yote, lililojaa majani, akalitia begani. "Twende," akasema.

Mwenyekiti alikuwa kibarazani. Migomba yake ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, na nilijikuta naitazama juu, kwa mazoea.

"Karibu shemeji," akasema. "Za siku?"

Mama aliliweka tawi juu ya meza yake ndogo. Lilifunika kikombe. "Waitu, nimeleta majani uliyoyataka."

Alilitazama, akamtazama mke wake aliyekuwa ametokea mlangoni, akacheka kwa upole. "Shemeji, sisi majani hatuli."

"Si ya kula. Ulisema majani yakitoka, shamba ni langu. Tumesubiri kamati ije ione."

"Shamba?" Alionekana kweli kutafuta kichwani. "Lile la bondeni? Shemeji, lile ni lako. Nani alikuambia linachukuliwa?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu tayari: siku waliyokuja, aliyesimama wapi, maneno yake yote, balozi na hesabu yake pungufu, mzee wa samli. Mama aliniwekea mkono kifuani, mkono ambao haukuwa na uzito wowote.

"Basi sema mbele ya huyu mtoto wangu na mbele ya mkeo," akasema. "Ni langu?"

"Ni lako. Ee! Tulikuwa tunazungumza tu wakati ule, ukame ulikuwa umetuchanganya sote."

"Asante, waitu."

Akachukua tawi lake kutoka mezani. Jani moja lilikuwa limedondoka kwenye kikombe. Akalitoa, akalifuta kwenye kanga, akaliunganisha na mengine. Mke wa mwenyekiti akasema, "Si ungeliacha tu, shemeji, tuwape mbuzi?" Mama alikuwa ameshashuka kibarazani.

Njiani alitangulia, tawi begani, na mimi nyuma nikiyahesabu yale majani kwa kukosa la kufanya. Tulipofika alikata lile tawi vipande vya kuchomeka, akaenda kuvichomeka pale ambapo mashina yalikuwa yamekufa. Majani akampa dada, naye akaweka chungu jikoni.